Talaka Ikishatamkwa: Vya Kusoma na Pa Kwenda

Mdogo wangu alikuja nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, mtoto amelala begani, mkononi mfuko wa nguo. Mamangu alimfungulia mlango, akamtazama, kisha akaenda jikoni kuteleka maji ya chai. Hakuna aliyemuuliza kitu. Sisi watu wa Pwani tuna adabu ya kutouliza, na siku ile adabu hiyo ndiyo iliyotuponza.

Baada ya wiki mbili likaja godoro na sufuria juu ya mkokoteni, vimetumwa na mamavyaa wake. Cherahani haikuja. Ami yetu akasema tuache mambo yatulie, hawa ni vijana, huenda wakarudiana. Tukaacha. Miezi ikapita, mwaka ukapita, na mtu wa heshima akaja kumposa. Wazee wa mposaji wakauliza jambo moja tu: karatasi ya talaka iko wapi?

Hapakuwa na karatasi. Mume alipoulizwa akajibu kwamba hajamuacha mtu, mke alitoka mwenyewe. Tulipofika mbele ya kadhi tukaulizwa talaka ilitamkwa lini na kwa maneno gani. Mamangu akasema ilikuwa Shaaban. Mdogo wangu akasema ni mwisho wa Rajab. Mimi nilichokumbuka ni kwamba usiku ule mvua ilikuwa ikinyesha. Ujumbe wa simu uliotumwa asubuhi yake ulikuwa umepotea pamoja na simu yenyewe. Tulikwenda na kurudi miezi minane, mpaka mume akakiri na tarehe ikaandikwa. Kufikia hapo mposaji alikwisha oa kwengine.

Mdogo wangu amenipa ruhusa nisimulie haya, ila jina lake nilifiche. Ninayaandika kwa ajili ya nyumba ambayo leo usiku itabishwa hodi kama yetu, na kwa wale ambao bado wako ndani ya ndoa lakini wanaona upepo umegeuka. Mimi si mwanachuoni wala wakili. Ni yale ambayo laiti tungeyasoma mapema, na milango ambayo laiti tungeijua.

Daftari kwanza

Kabla ya kitabu chochote, chukua daftari. Andika tarehe ya Kiislamu na ya kizungu, saa, mahali, na maneno yaliyotamkwa kama yalivyotamkwa. Si "aliniacha", bali alisema nini hasa. Andika waliosikia. Andika kama mke alikuwa twahara au katika hedhi, na kama ana mimba. Maswali haya yanaonekana ya aibu kuulizana mama na bintiye saa kumi na moja alfajiri, lakini kadhi atayauliza, na atayauliza mbele ya watu.

Ikiwa talaka imekuja kwa ujumbe, usiufute kwa hasira. Upige picha, uutume kwenye simu ya mtu mwengine unayemwamini. Katika madhehebu yetu ya Shafi, talaka ya kuandikwa huangaliwa pamoja na nia ya aliyeandika, kwa hivyo si jirani wala kikundi cha WhatsApp cha familia kitakachokwambia kama umeachika au hujaachika. Na kuhusu zile talaka tatu za mpigo mmoja, ambazo kila mwenye kanzu ana kauli yake juu yake, nendeni kwa kadhi haraka kabla watu hawajaanza kuwahukumu nyinyi barazani.

Weka pia pamoja, katika bahasha moja: cheti cha ndoa, nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za skuli na za hospitali. Taarifa ya M-Pesa nayo ni ushahidi mzuri wa nani alitoa nini na lini, kwa mume na kwa mke. Kama nikahi yenu ilifungwa msikitini zamani na cheti hakikuchukuliwa, anzeni na hilo, kwa sababu anayetaka talaka iandikwe ataulizwa kwanza ndoa iko wapi.

Sura moja fupi

Katika nyumba zetu nyingi mna msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili. Huenda ni ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, iliyotoka kamili mwaka 1969, yenye maelezo chini ya kurasa. Wengine wana ile ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, ambayo pia inapatikana bure kwenye intaneti. Yoyote iliyoko, fungueni Sura ya 65, Surat At-Talaq. Aya zake ni kumi na mbili tu. Someni pamoja, walio wa upande wa mume na walio wa upande wa mke, hata kama ni kwa simu.

Aya ya kwanza peke yake ingetubadilishia mambo. Inaamuru eda ihesabiwe, na inakataza mke aliyeachwa kutolewa katika nyumba au kutoka mwenyewe, isipokuwa kwa sababu nzito inayotajwa pale pale. Sasa fikiria desturi yetu. Neno likitamkwa usiku, asubuhi binti yuko kwa mamake na godoro liko njiani. Mume aliyeghadhibika anafukuza, na sisi wazee wa mke, kwa kulinda heshima, tunamwita mwanetu arudi. Pande zote mbili tunaivunja aya, kila mmoja akidhani anafanya la maana. Sababu ya katazo hilo imetajwa mwisho wa aya hiyo hiyo, kwamba huenda likazuka jambo jengine baadaye. Watu wawili walio chini ya dari moja wana nafasi ya kusikizana. Godoro likishapita mtaa mzima juu ya mkokoteni, nafasi hiyo inakuwa ndogo sana. Bila shaka, mahali penye kipigo na hatari hesabu ni nyengine, nami nitalifikia.

Aya ya pili inataka mashahidi wawili waadilifu. Wanavyuoni wa Kishafi wanasema kushuhudisha ni sunna, na talaka hupita hata bila mashahidi. Hapo ndipo mizozo kama ya kwetu inapozaliwa: mtu ametamka chumbani, hakuna aliyesikia, kesho anakana. Kisomo cha aya ya sita na ya saba ni cha wanaume hasa: mke wa eda akae mnapokaa kwa kadiri ya uwezo wenu, mwenye mimba apewe matumizi mpaka ajifungue, anayenyonyesha alipwe, na kila mtu atoe kwa kadiri ya riziki yake.

Baada ya hapo rudini Sura ya 2, aya ya 226 mpaka 241. Humo mna eda, mna talaka mbili za kurejea, mna katazo la kumrudia mke kwa nia ya kumtesa, mna kunyonyesha miaka miwili, na mna kile kitulizo anachopewa mwanamke aliyeachwa, kinachoitwa mut'a. (Jina hili huwatisha watu bure. Si ile ndoa ya muda. Ni mali au pesa anayopewa mke asitoke mikono mitupu.) Wanawake wengi wanaokwenda kortini hawaidai kwa sababu hawajui kwamba ipo.

Eda yenyewe, kwa ufupi: anayepata hedhi hukaa twahara tatu kwa hesabu ya Kishafi, asiyepata hedhi miezi mitatu, mwenye mimba mpaka ajifungue, na aliyeachwa kabla ya kuingiliwa hana eda. Ile ya miezi minne na siku kumi ni ya mjane, na bado nasikia watu wakiichanganya. Katika talaka ya kurejea, mke wa eda ana haki ya makazi na matumizi. Eda ikipita bila ya mume kumrudia, hawezi tena kumrejesha kwa neno tu. Itabidi nikahi mpya na ridhaa yake.

Mke anapotaka kutoka yeye

Wako wanaodhani mlango wa kutoka una komeo upande mmoja tu. Hadithi ya mke wa Thabit bin Qays iko katika Bukhari: alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema hamlaumu mumewe kwa dini wala tabia lakini hawezi kuendelea naye. Akaambiwa amrudishie bustani aliyopewa mahari, naye Thabit akaamriwa amwache. Hiyo ni khului. Mke anarudisha kitu kwa makubaliano, na baada yake mume hawezi kumrejesha bila nikahi mpya.

Faskhi ni jengine. Humo mke anakwenda kwa kadhi na sababu, kama kutolishwa, kutelekezwa au kuteswa, na kadhi akiridhika anaivunja ndoa mwenyewe. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu nimeona wanawake waliotelekezwa miaka wakishauriwa na jamaa zao wakope pesa "wajikomboe" kwa khului, ilhali walikuwa na kesi ya faskhi isiyowataka kulipa chochote kwa mume. Kabla ya kukopa, uliza.

Na kwa anayesoma Kiingereza, kuna kitabu cha Susan Hirsch, Pronouncing and Persevering, kilichochapishwa Marekani mwaka 1998. Mwandishi alikaa katika mahakama za kadhi za Malindi na Mombasa akisikiliza Waswahili wanavyozozana. Sote tunaijua ile picha ya mume anayetamka na mke anayevumilia. Yeye alikuta kwamba ndani ya mahakama wanawake husema, tena husema sana, na mara nyingi hutoka na walichokwenda kukitafuta. Ni kitabu cha kitaaluma na kina kurasa za kuchosha, lakini mazungumzo yaliyomo utayatambua kana kwamba ni ya nyumba ya pili.

Mahakama

Mahakama za kadhi zimetajwa katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa hapo. Hapa kwetu ziko Mombasa, Malindi, Lamu, Kwale, Hola na kwengineko. Si lazima uwe na wakili. Karani wa masjala atakuonyesha karatasi za kujaza, na ukizungumza Kiswahili unaeleweka. Sheria ya Mahakama za Kadhi inasema pia kwamba mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia. Mamangu alikuwa na wasiwasi kama ushahidi wake ungehesabiwa nusu. Ulisikilizwa wote, pamoja na kosa lake la Shaaban.

Asiyeridhika na hukumu anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, ambako jaji huketi pamoja na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri. Sheria zote nilizozitaja, na hukumu nyingi zilizokwisha tolewa, ziko bure katika tovuti ya Kenya Law. Ni kwa Kiingereza, lakini mtoto wa sekondari anaweza kukusomea.

Kuhusu nyumba na mali, someni Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, hasa kifungu cha 3. Kinasema Mwislamu anaweza kuhukumiwa kwa sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Sheria hiyo hiyo inahesabu kuwa ni mchango kazi ya nyumbani, kulea watoto na kusimamia biashara ya familia. Njia hizi mbili zinaweza kukupeleka mahali tofauti. Kwa hivyo usitie sahihi kukubali moja wapo kabla hujazungumza na mtu wa sheria.

Na asiye na pesa za wakili? FIDA Kenya, jumuiya ya mawakili wanawake, ina ofisi Mombasa na huwasaidia wanawake wasiojiweza, pamoja na kuwafundisha namna ya kujisimamia wenyewe mahakamani. Kituo cha Sheria kiko Mombasa pia na hupokea wanaume kwa wanawake. MUHURI ni watu wetu hapa hapa, na wakishindwa watakuelekeza. Iko pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Wanaume, nawaambia nyinyi hasa: msikae nyumbani mkidhani milango hii si yenu. Baba anayezuiliwa kuwaona wanawe ana haki ya kusikilizwa kama mtu yeyote.

Watoto

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Kwa mwaka mzima aliambiwa baba yuko safari. Siku moja alimwona babake Markiti akinunua maembe, akamkimbilia, na aliporudi aliniuliza, "Khalati, safari iko Markiti?" Sikuwa na jibu, na hata leo silo.

Mwambieni mtoto ukweli ulio sawa na umri wake, mkiwa wote wawili mkiweza: baba na mama hawatakaa nyumba moja, si makosa yako, sote ni wazazi wako. Msimtume kupeleka maneno wala kudai pesa. Mwalimu wa madrasa na wa skuli waarifiwe, kwa sababu mtoto aliyeanza kukojoa kitandani au kupigana hudhaniwa mtukutu tu.

Kwa upande wa haki, Katiba kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kulelewa na kulindwa na wazazi wote wawili, na jukumu hilo ni sawa kwa baba na mama, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 inaweka maslahi ya mtoto mbele ya kila kitu. Katika fiqhi yetu mama ndiye wa kwanza kwa malezi ya mtoto mdogo, mpaka afikie kupambanua, kiasi cha miaka saba, kisha huulizwa anapenda kukaa na nani. Malezi yakigombaniwa, Mahakama ya Watoto ndiyo iliyopewa kazi hiyo na sheria. Kabla hamjafika huko, nendeni kwa afisa wa watoto katika kaunti ndogo yenu. Mnaweza kuandikiana makubaliano ya malezi: mtoto atalala wapi, karo nani, nguo za Idi nani, Ijumaa na likizo kwa nani. Andikeni kila kitu, hata kama leo mnasikizana. Kama mtoto yuko hatarini, nambari ya 116 ni ya bure na iko wazi mchana na usiku.

Penye kipigo

Nilisema nitalifikia. Aya ya kukaa nyumbani haikuteremshwa ili mwanamke auawe humo. Palipo na kipigo, toka kwanza, hoja za fiqhi zitafuata. Nambari ya 1195 ni ya bure kwa dhuluma za kijinsia. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa. Nenda hospitali kabla ya kuoga na kubadilisha nguo ikiwa umenajisiwa, na ripoti polisi, kwenye dawati la jinsia. Tangu 2015 iko sheria ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani, na chini yake mahakama inaweza kumwamuru mdhulumu asikukaribie. Hili ni la wanaume pia, ingawa ni wachache watakaolisema.

Wazee

Sura ya 4, aya ya 35, inataka waamuzi wawili, mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke, pale mnapoogopa mfarakano. Angalia wakati wake: ni kabla ya kutengana. Sisi huwaita wazee baada ya talaka, kuja kugawa vyombo. Na tukiwaita, tunachagua wenye sauti kubwa. Chagueni mtu anayejua kunyamaza, asiyekuwa na binti wa kumwoza mume huyo wala deni na upande wowote. Kikao kiwe na mwandishi. Walioafikiana watie sahihi, na kila upande ubaki na nakala yake.

Ami yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema na alitupenda. Kama siku ile angeitisha karatasi na kalamu badala ya kutwambia tungoje, mdogo wangu angeokoa karibu miaka miwili. Sasa ana karatasi yake, ameitia plastiki na kuiweka pamoja na cheti cha mtoto. Anashona kwa cherahani ya kuazima. Ile yake bado iko kule, na katika orodha ya vitu tuliyompelekea kadhi tuliisahau.